Nusu ya Wembe

Fundi Mwanaheri alifumua pindo la gauni la mtoto kwa nusu ya wembe, akalirefusha, akampa mama mtu. Walipoondoka, alitaka kuitia ile nusu kwenye kopo la nyembe chakavu. Haikuwapo mezani wala sakafuni.

Alitoka mbio pekupeku. Akawakuta njiani, mtoto keshavishwa.

"Mvue, mama! Taratibu, kuna wembe!"

"Wembe, fundi?"

Wakalivua gauni, wakakagua kila mshono. Hamna. Mtoto yu uchi, anacheka.

Mwanaheri akatia mkono mfukoni atoe leso ajifute jasho, akagusa kipande cha sabuni anachochorea nguo. Ile nusu aliichomeka humo mwenyewe, makali yote yamezama.

Akaangua kicheko, akaifumba sabuni kiganjani. Hakuifungua ngumi mpaka alipofika kwenye kopo.