Bei ya Bafu

Waliokuwapo asubuhi ile walikuwa watano: mwenye bafu, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango wa bafu lenyewe; mama yake mzazi, aliyeegemea ukuta; mdogo wake wa kike, aliyekuja kutazama tu; binti mwenye daftari; na fundi, ambaye alikuwa amepiga magoti sakafuni, futi mkononi.

"Mita mbili kwa moja na nusu," fundi alisema.

Binti akaandika.

Fundi alikuwa amefika saa tatu kamili. Alibisha hodi mara mbili kama alivyoagizwa, akaingia na mkoba wa vifaa ambavyo bado vilinuka duka. Alimwamkia mama mtu mzima huku ameinamisha macho, wengine akawasalimu kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyemkaribisha kiti, naye hakukitarajia. Fundi haji kukaa.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya meza ya karani, hadi ofisi ilipofungwa. Miezi sita ya chuo cha ufundi ilimpa cheti, maumivu ya magoti, na nyumba nne ambamo alipima, akapiga hesabu, akaambiwa, "Tutakupigia." Simu haikulia. Hii ilikuwa nyumba ya tano. Asipopata kazi hapa, alikwisha kujiapiza, vifaa vile angevipeleka sokoni viuzwe, na habari ya ufundi iishie hapo.

"Fundi," mdogo mtu alisema, "hiyo suruali ya kazi mbona ina mstari wa pasi? Umekuja kuweka vigae au kufunga ndoa?"

"Vyote vinataka mstari ulionyooka."

Binti akacheka. Hata mama mtu mzima akauma mdomo. Mwenye bafu hakucheka. Alikuwa muuza vitambaa wa miaka mingi, na sura yake ya dukani haikuwa na mlango.

"Pima, fundi. Jua halitungoji."

Akapima. Kuta, mita za mraba kumi na moja na robo baada ya kuondoa mlango; sakafu, tatu; juu yake sehemu ya kumi kwa vigae vitakavyovunjika. "Andika kumi na sita," alimwambia binti. Kisha akapita akigonga vigae vya zamani kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja, akisikiliza. Vingi vililia kama debe tupu. Akaweka pimamaji sakafuni, akatikisa kichwa.

"Mteremko umekosewa. Maji yanakimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu."

"Hilo halihitaji cheti," mama mtu mzima alisema. "Tunayakanyaga kila siku."

Sasa ilibaki bei. Mkufunzi wake alikuwa amewafundisha jambo moja ambalo hakuliandika ubaoni: ukishaitaja bei, funga mdomo, atakayesema wa kwanza ndiye atakayelipa. Fundi alisimama taratibu, goti moja baada ya jingine.

"Laki mbili na nusu. Ufundi peke yake, siku tano. Vigae na saruji mtanunua wenyewe."

Mwenye bafu alimtazama. Hakukunja uso, hakuguna. Alitazama tu. Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine. Fundi alijikuta akiyahesabu. Alifika kumi na moja.

"Lakini bei inazungumzika," alisema.

"Zungumza."

"Laki mbili na ishirini."

"Jana alikuja fundi mwingine," alisema mwenye bafu, akaishia hapo.

Fundi alihisi uchovu wa nyumba zote nne ukimpanda kutoka kwenye nyayo. Alimwona huyo wa jana bila kuambiwa: kijana mwenye mabega, mwenye bei ya kutupa, ambaye magoti yake hayakujua kulalamika.

"Basi laki mbili."

"Na kubomoa hivi vya zamani?"

"Nitabomoa. Sikuhesabii."

"Na kifusi?"

Alikadiria kwa macho: ndoo sitini, pengine sabini, kutoka hapa hadi barabarani. "Nitakibeba."

"Kwa bei hiyohiyo?"

Alijua jibu. Alilijua tangu chuoni. Alikuwa hata ameliandika kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Lakini mtu aliyechoka hutupa mzigo popote, hata kama ndani yake mna chakula chake mwenyewe.

"Laki na nusu," alisema. "Kila kitu ndani yake. Nipe kazi tu."

Binti akaacha kuandika. Mdogo mtu, aliyekuwa tayari na mzaha mwingine, aliumeza, akatazama vidole vya miguu yake.

Mwenye bafu akalichukua daftari. Alisoma kuanzia vipimo hadi tarakimu ya mwisho, bila haraka, kama mtu anayekagua mshono wa nguo aliyorudishiwa. Akalifunga. Akasimama, akawageukia wote.

"Nimeamua," alisema. "Kazi nampa fundi wa jana. Ametaka laki tatu, kubomoa na kifusi mbali, na hakunipunguzia hata senti. Anaanza Jumatatu."

Kisha akamkaribia fundi, akampangusa vumbi begani.

"Na wewe, baba watoto, utamshikia ndoo siku zote tano, mpaka uweze kuniambia hapana."