Ua Ambalo Bi Mize Hakulichora

Tangu ngozi za watu zinyamazishwe, Bi Mize, somo wa maharusi, hajamwona mwari akijikuna. Ni sindano moja tu utotoni, na chembe za ngozi haziuiti tena mwili uje kuzitetea; hazivimbi wala haziwashi. Pumu ya ngozi imebaki hadithi ya wazee. Zamani alikuwa akipaka tone la piko, rangi nyeusi ya kuchorea maua, nyuma ya sikio la mwari, akangoja hadi kesho yake aone ngozi itasema nini. Siku hizi hangoji.

Jana alimchora mwari wake, Salha, maua saba meusi mguuni. Asubuhi hii, alipokuwa akiyapaka mafuta ya nazi yang'ae, alihesabu manane.

"Mwanangu, umejiongezea ua?"

"Hapana, somo."

La nane lilikuwa karibu na kifundo, halina jani wala kikonyo. Alilisugua kwa ndimu, lisififie. Pale mahali palikuwa laini na baridi, pasipo uvimbe wowote.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Juzi nilikwaruzwa na bati la banda la kuku. Hapaumi wala hapawashi."

Bi Mize aliinama akanusa. Harufu ile haikuwa ya piko; ilikuwa ya nyama iliyoanza kuoza. Akalizungushia ua lile mstari mwembamba wa hina nyekundu, kisha akaketi kulitazama. Hina ilipokauka, weusi ulikuwa umeshauvuka mstari.

Salha aliunyoosha mguu, akatabasamu.

"Hili ndilo zuri kuliko yote, somo. Nichoree na mguu wa pili, ifanane."