Kibao Hakikuinuliwa

"Kuna anayepinga kuondolewa kwa kifungu cha kuruhusu utoaji mimba?" mwenyekiti aliuliza.

Wakili alikuwa ameshika kibao kilichoandikwa Muungano wa Wanawake. Kukiinua tu kungetosha kuzuia. Lakini asubuhi, wakati wa chai, yeye na wenzake wa nchi jirani walikuwa wameshaelewana: tukikomalia kifungu hiki, serikali zitaususia mkataba wote.

Kidole gumba chake kikawa kinasugua kona ya kibao, pale karatasi ilipoanza kubanduka.

"Hakuna? Kimeondolewa. Mkataba umepita."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Nyuma yake mama mmoja naye alisimama, akipiga makofi kuliko wote. Wakili ndiye aliyemleta kutoka ng'ambo ya mpaka, aje asimulie jinsi bintiye alivyovuja damu hadi kufa huku daktari akiogopa kufungwa kwa kumtoa mimba. Jana alisimulia, na mawaziri wakafuta machozi. Leo alikuwa amevua visikilizio vya mkalimani.

"Vidude hivi vinanifinya masikio," alikuwa amelalamika.

"Pumzika tu, mama. Nitakueleza mwenyewe."

Sasa alimshika wakili bega. "Wamekubali, mwanangu?"

Wakili alifungua mdomo. Mama hakungoja; simu ilikuwa tayari sikioni.

"Wajukuu zangu! Mama yenu hakufa bure!" Akacheka, akalia, kisha akamsukumia wakili simu. "Hawaniamini hawa. Hebu waambie wewe."

Simu ilikuwa na joto la shavu lake.

"Shangazi wakili," sauti ya mtoto iliuliza, "ni kweli?"