Aliyeshika Antena

Kipindi cha chemshabongo alichorekodi Tunu kilipangwa kurushwa Alhamisi, siku ambayo mama yake, Bi Mwanaidi, hushinda mnadani. Kituo kikakisogeza hadi Jumapili. Sasa Bi Mwanaidi alikuwa amesimama dirishani ameinua antena, kwa sababu picha haitulii mpaka aishike yeye. Majirani walijaa mkekani.

"Mama, njoo ukae. Nitashika mimi."

"Halafu usijione? Thubutu! Tazama, mwanangu."

Tunu akatokea kwenye runinga, amevaa gauni la kuazima. Mtangazaji akamuuliza amelelewa na nani. Tunu wa mkekani akainamisha kichwa. Siku ya usaili, dada mmoja wa studio alimwambia kwamba wenye akili wamejaa tele. Wanaochukuliwa ni wenye kisa cha kuliza watu.

"Nimejilea mwenyewe," alisema Tunu wa runingani, akifuta jicho. "Mama yangu alifariki nikiwa mdogo."

Hakuna aliyethubutu kugeukia dirishani. Jirani mmoja alibaki na kikombe mdomoni, chai haimezi wala haitemi.

Picha ikacheza kidogo, kisha ikatulia.

"Iachie, mama," Tunu alinong'ona. "Nakuomba, iachie."

"Nikiiachia, wageni wataona nini?"

Mtangazaji akawaomba watu wote ukumbini kule studio wasimame kumkumbuka marehemu. Wakasimama, wengine wakilia. Dirishani Bi Mwanaidi naye alikuwa amesimama, mkono juu, na picha ilikuwa safi kuliko siku zote.