Kesi ya Shimo Isiyoandikwa

Enzi zile jaji alikuwa Korongo, aliyetoka ng'ambo, na karani wake Nguchiro ndiye aliyeandika hukumu kitabuni. Siku moja Ngiri alitaka kumtoa Nungunungu shimoni. Korongo akakata shauri: "Aliyelala shimoni misimu mitatu asifukuzwe."

Nguchiro hakuiandika. "Kesi ya huyu mwenye miiba nani ataisoma?" alicheka. Akaandika za Simba na Tembo tu.

Korongo yule akarudi kwao, akaja mwingine. Ndipo Ngiri akataka shimo la Nguchiro, alimolala misimu kumi.

"Mheshimiwa, hukumu ya shimo ilishatolewa!" Nguchiro akalia.

"Ukurasa gani?"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Haimo. Mimi ndiye niliyeiacha, Mungu anisamehe."

"Basi toka."

Akatoka na kitabu chake kwapani. Nungunungu akamwita njiani: "Ingia kwangu, bwana karani. Ila angalia miiba."

Wakazeeka pamoja humo. Kila jioni Nguchiro alimwambia, "Hebu nisomee ile kesi yetu." Na Nungunungu, asiyejua alifu wala be, aliitamka neno kwa neno, kama alivyoitamka Korongo yule wa zamani.