Kijiko cha Jumatatu

Kila Jumatatu mama hufunga, hali kitu, kwa hiyo mimi ndiye huonja mchuzi kabla hatujafungua mkahawa. Siku nyingine huonja mwenyewe; tangu tukiwa Kampala, kabla ya kuhamia huku ughaibuni, hajamwachia mtu kijiko chake.

Asubuhi hii alichota mchuzi, akaupuliza upoe, akanisogezea. Tone likaniangukia kidoleni.

"Onja, Rajni."

"Mama, leo ni Jumanne."

"Najua."

Nikaonja. Chumvi ilikuwa imezidi, na mama hakosei chumvi. Alikuwa akinitazama mdomoni.

"Niambie ukweli," akasema taratibu. "Ulimi wangu hausikii ladha tangu sikukuu ya Diwali."

Nje, basi langu la kwenda kiwandani Saltley lilikuwa linakuja. Nikavua koti, nikaanza kumenya viazi vya kupunguza chumvi.