Mapipa Matatu ya Mkaa wa Magunzi

Pigo la kwanza la nyundo lilipasua pipa, na mkaa wa magunzi ya mahindi ukamwagika miguuni pangu kama matumbo ya mnyama.

Mkaa huo niliuchoma mwenyewe miezi miwili, ili unase mabaki ya dawa yanayoingia kwenye maji yetu kutoka kiwanda cha dawa. Shemeji yangu, mwenye nyundo, ni mlinzi wa kiwanda hicho.

“Maji ya mfereji ni safi,” alisema, akiinua nyundo tena. “Mapipa yako yanatuchafulia jina, shemeji.”

Pipa la pili lilipopasuka, kipande cha plastiki kilimchana shavu mpaka mdomoni. Hakukoma hadi la tatu likalala chini. Ndipo akaiachia nyundo na kujishika shavu, damu ikimpita katikati ya vidole.

“Nipe maji ninywe, ninawe na hii damu.”

Nilikwenda mferejini, nikajaza kikombe, nikamletea.

Alikitazama muda mrefu. “Haya hayajachujwa.”

“Si umesema ni safi? Kunywa.”

Alirudi nyuma, akapapasa chini kuitafuta nyundo yake.

Nilikuwa nimeshaiokota.